Saba Nukta Tatu

Wauguzi wa hospitali ile walimwita Bwana Rudia, na usidhani ni jina la kumsifu. Ukimpelekea damu iliyochelewa, anairudisha. Kichupa hakina jina kamili, kinarudi. Damu haijafika kwenye mstari wa kichupa, inarudi, na wewe uliyeileta unarudi nayo ngazi zote zile huku unamlaani kimoyomoyo. Alikuwa mkuu wa chumba cha kemia katika maabara: chumba chembamba chenye mashine moja kubwa, friji mbili, kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo, na kidirisha cha kupokelea sampuli. Uso wake ulionekana nyuma ya kidirisha hicho kila siku ya kazi kwa miaka ishirini na mbili, na hakuna aliyewahi kuuona ukicheka kabla ya saa nne.

Lakini mpe haki yake. Kazi ile si ya mtu wa mzaha. Sisi tunadhani ugonjwa ni homa na kikohozi, kitu cha kuonekana na kusikika. Wapi! Figo ikianza kufa haipigi kelele. Ini likichoka halimwambii mtu. Mgonjwa anakaa mbele ya daktari akipiga soga na kuulizia habari za nyumbani, na ndani mwake nyumba inaungua. Wa kwanza kuona moshi ni mtu wa kemia, huko chini, mbele ya mashine yake, na yeye hata sura ya mgonjwa hajaiona. Anaona namba tu. Namba ikiwa kweli, daktari anajua aanzie wapi na dawa inafanya kazi au haifanyi. Namba ikiwa ya uongo, afadhali mgonjwa angebaki nyumbani.

Na namba za uongo alizijua. Zamani, akiwa bado mgeni kazini, aliletewa damu ya dereva mmoja wa lori aliyevunjika mguu. Damu ile ilikuwa imevutwa kwa sindano nyembamba kupita kiasi, ikasukumwa kwa nguvu ndani ya kichupa, kisha ikatikiswa njia nzima. Damu ikitendewa hivyo chembe zake zinapasuka, na potasiamu, chumvi iliyokuwa ndani ya chembe, inamwagika nje. Mashine haijui hayo. Mashine inahesabu ilichopewa. Ikahesabu potasiamu ya kutisha, naye akaandika na kuipeleka wodini mbio, akijiona shujaa. Daktari wa siku hizo akaanza kuishusha kwa dawa. Kumbe potasiamu ya yule dereva haikuwa juu hata kidogo; walikuwa wanashusha kitu ambacho tayari kilikuwa chini. Moyo wake ulisimama kabla ya jioni. Mkewe alikuja kidirishani kesho yake kuuliza kama majibu yametoka, maana hakuna aliyekuwa amemwambia.

Tangu siku hiyo akala kiapo. Damu iliyovunjika haitolewi namba. Si kwenye fomu, si kwa simu, si kwa mdomo. Unaandika RUDIA kwa herufi kubwa, unachana karatasi ya mashine vipandevipande, unatia kwenye pipa, basi. Kanuni hiyo aliiandika kwa mkono wake na kuibandika ukutani juu ya mashine, na kila aliyekuja kufanya kazi chini yake alifundishwa hiyo kabla hajaonyeshwa choo kilipo.

Mtu mmoja tu aliwahi kumbishia, daktari wa wodi ya wanawake, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya taratibu. Alishuka mwenyewe mpaka maabara. Akamwambia aandike imeharibika, aandike rudia, hakuna ugomvi, lakini amtajie na namba. Yeye atamwangalia mgonjwa, atampima moyo, na kama ni uongo ataujua. Bwana Rudia akamjibu kwamba namba ikishaingia kichwani mwa daktari haitoki. Daktari akasema kichwa ni cha kwake. Waliachana hivyo, kila mmoja na lake, na maisha yakaendelea.

Sasa, mtu huyu mgumu alikuwa na dada.

Mama yao alipofariki yeye alikuwa na miaka minne na dada yake kumi na mitatu, na mtoto huyo wa miaka kumi na mitatu ndiye aliyemlea. Alijifunza cherehani kwa jirani, akamshonea sare za shule, akamchapa alipotoroka shule, na usiku wa kuamkia mtihani akakaa naye mezani akipachika vifungo ili asisinzie peke yake. Alimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yao, na aliendelea kumwita Kitinda hata mtu ana mvi, hata mbele ya watu wa maabara, ambao walikuwa wanageukia ukutani ili wasionekane wanacheka. Yeye hakukasirika. Kwa dada yake alikuwa mtu mwingine kabisa.

Miaka miwili nyuma alimkuta amekaa kwenye cherehani na miguu imevimba, kandambili zimeacha mistari. Alimtania, akambembeleza, mwisho akamkokota mpaka hospitali, akamtoa damu mwenyewe na kuipima mwenyewe. Kriatinini, ule uchafu ambao figo nzima huutoa kwenye damu bila shida, ilikuwa mia na tisini. Kwa mwanamke wa umri ule isingepaswa kufika hata mia. Aliirudia mara tatu akitumaini mashine imekosea, na mashine haikukosea. Shinikizo la damu na sukari vilikuwa vimemla dada yake kimyakimya kwa miaka, na yeye mwenye mashine alikuwa anakula chakula chake kila Jumapili bila kujua.

Kuanzia hapo akawa anamsoma dada yake kwa namba. Mia mbili na thelathini. Mia mbili na themanini. Zikatulia miezi mitatu, akaanza kulala vizuri. Mia nne na kumi. Mia sita. Kila mwezi dada alimuuliza, na kila mwezi alijibu kwamba imepanda kidogo. Siku moja dada akamwambia, "Kitinda, hicho kidogo chako mbona hakiishi?" Akacheka, sindano za kushonea ziko mdomoni. Yeye akatoka nje kwa kisingizio cha simu, akasimama nyuma ya nyumba mpaka macho yalipokauka.

Hilo ndilo linalomla mtu wa kemia, na hakuna anayemwambia pole. Kipimo hakitibu. Kipimo kinakuonyesha mpendwa wako anavyoteremka ngazi, moja baada ya nyingine, na kinakwambia yuko ngazi ya ngapi.

Wiki ninayoisimulia, dada alikuwa amelazwa wodi ya wanawake, ghorofa moja juu ya maabara, na binti yake alikuwa naye kitandani muda wote. Figo zilikuwa zimebaki jina. Lakini nafasi ilikuwa imepatikana: hospitali kubwa, mashine ya kusafisha damu, Jumatatu saa mbili asubuhi, gari la wagonjwa limeshaandikishwa. Kazi ya familia ile ikawa moja tu, dada afike Jumatatu akiwa hai. Na adui aliyekuwa amesimama kati yake na Jumatatu alikuwa potasiamu. Figo zilizokufa haziitoi, inajilimbikiza, na ikivuka mpaka inausimamisha moyo bila hodi. Kawaida haifiki hata tano na nusu. Ya dada Jumatano ilikuwa tano nukta nane, Alhamisi sita nukta moja, na daktari alikuwa anaizuia kwa dawa. Ndiyo maana kila asubuhi damu ilichukuliwa.

Mikono yake ilikuwa imeisha. Mishipa imejificha, ngozi ina madoa ya buluu mpaka kiwiko. Alikuwa anasema damu yake yote imeishia kwa mdogo wake, na kama wanaipika huko chini basi angalau wamletee bakuli. Wodi nzima ilicheka. Akiingia Sista, muuguzi wa wodi ile, na sinia la sindano, hata hivyo, alifumba macho na kuugeuzia uso ukuta.

Kulikuwa na jambo jingine, dogo, na madogo ndiyo yanayoua. Siku ya Jumanne Bwana Rudia aliipima damu ya dada yake kabla ya vichupa kumi na vinne vilivyotangulia. Sista wa wodi ile akajua, na hakukaa nalo rohoni. Alisema pale kidirishani, mbele ya watu, kwamba damu za wengine zinapanga foleni na damu ya dada inapita mlango wa mbele. Maneno yale yalimchoma, kwa kuwa yalikuwa kweli. Akaapa tena, maana alikuwa mtu wa viapo: dada yake atapimwa kama mgonjwa yeyote, kwa kanuni zilezile, bila upendeleo wa hata nukta moja.

Ijumaa sampuli ililetwa saa nne na kidogo. Sista alihangaika na mshipa, akapata damu kwa shida, tone kwa tone, kwa sindano ndogo ya kitoto. Bwana Rudia alikipanga kichupa kwenye foleni, zamu yake ilipofika akakizungusha. Damu ikizungushwa chembe zinazama chini na juu yanabaki maji ya rangi ya manjano. Aliyanyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Yalikuwa na wekundu hafifu sana, kama maji ya suuza ya tatu ya kitambaa chekundu. Akaingiza kwenye mashine, akasubiri. Mashine ikatoa saba nukta tatu.

Alisimama pale na karatasi mkononi, na hapa lazima tuseme ukweli, hata kama unauma. Alijua. Wekundu mdogo kama ule unaongeza potasiamu kidogo tu, sehemu tatu za kumi, au nne, au nusu ukiwa na bahati mbaya. Hauwezi kuitoa sita na kuipeleka saba na nukta tatu. Angeletewa damu ile ikiwa ya mtu mwingine, angekunja uso, angeisoma upya, labda hata angejikuna kichwa mbele ya ile kanuni yake. Lakini ilikuwa ya dada. Na saba nukta tatu ya kweli maana yake ni kwamba dada yake huenda hataiona jioni, seuze Jumatatu. Moyo wake uliikataa namba ile, na kanuni ilikuwa pale ukutani, imeandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe, imemfungulia mlango wa kutokea. Damu imevunjika. Bila upendeleo. Akaandika RUDIA, akachana karatasi, akatia kwenye pipa.

Fomu ikarudi wodini na mhudumu. Sista akaipokea, akasonya kama anavyosonya kila siku, akachukua sinia. Alichoma mara moja, hola. Mara ya pili, hola. Mara ya tatu mgonjwa alilia machozi, mama mtu mzima yule, akasema basi mwanangu, niacheni nipumue. Binti yake akaingilia kati, akaomba mama aachwe apumzike mpaka baada ya chakula cha mchana. Sista akaangalia fomu, akaona neno rudia ambalo ameliona mara elfu, akaona hakuna la haraka. Akamfunika mgonjwa shuka, akaenda kwa wengine.

Chini, Bwana Rudia alikuwa anapima damu za watu huku masikio yako kidirishani. Kila aliyekuja alikuwa na sampuli isiyo yake. Saa sita ikapita. Alijiambia wanatafuta mshipa. Alijiambia wamepata na wanaisubiri igande. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno. Saa saba simu ya ukutani ikalia, naye akaidaka kabla haijalia mara ya pili. Alikuwa daktari wa wodi, ndiyo kwanza anatoka chumba cha upasuaji, anaulizia majibu ya kitanda cha tisa, ambacho wote wawili walijua ni cha nani.

"Imevunjika," akasema Bwana Rudia. "Nimeomba nyingine."

"Potasiamu ilisoma ngapi?"

"Daktari, unajua sitoi namba ya damu iliyovunjika."

Daktari akauliza, "Hata hii?"

"Hii hasa," akasema.

Daktari hakubishana. Labda alidhani kaka wa mtu angekuwa wa kwanza kuvunja kanuni kama kungekuwa na la kuogopa. Akasema sawa, akaomba damu nyingine ipatikane haraka, akakata simu. Bwana Rudia akabaki ameshika mkono wa simu sikioni. Angeweza kupiga tena. Ilikuwa namba mbili na nukta katikati, zinatamkika kwa pumzi moja. Akaurudisha mkono wa simu ukutani, akanawa mikono ambayo haikuwa na uchafu, akaenda kuangalia ndoo ya kiyoyozi kama imejaa.

Saa nane kasoro hakuweza tena. Alichukua sindano nzuri, mpira wa kufungia mkono, vichupa viwili, akamwachia msaidizi wake mashine na kupanda ngazi mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi watu wa wodi kumwona amebeba sinia, na Sista alimpisha.

Dada alikuwa amelalia mto mrefu, uso umevimba kidogo chini ya macho, midomo mikavu. Alimwona mdogo wake akatabasamu.

"Leo umekuja mwenyewe kunyonya," akasema.

Maneno yalitoka polepole, mazito. Bwana Rudia akacheka kidogo ili asimwangushe. Akamshika mkono, akaupapasa kwa vidole kutafuta mshipa, na mkono ulikuwa mzito kama wa mtu aliyelala. Akamwomba akunje ngumi. Ngumi haikufungika vizuri. Dada akaeleza kwamba tangu asubuhi viungo vimelegea, miguu ndiyo kabisa, kama si yake, ameomba kwenda msalani na binti akashindwa kumwinua. Alisema ni uchovu. Bwana Rudia alisikiliza huku anafunga mpira. Kulegea kwa viungo kwa mgonjwa wa figo, kila mwanafunzi wa mwaka wa pili anajua kunamaanisha potasiamu imepanda mno. Alilijua jibu lile alivyolijua jina lake. Na bado alisema moyoni, subiri, subiri namba safi, usikimbilie kama ulivyokimbilia siku ile.

Aliupata mshipa kwa mchomo mmoja nyuma ya kiganja. Damu ikaja yenyewe, nyeusi, taratibu, bila kuvutwa. Haijawahi kuchukuliwa damu safi kuliko ile katika jengo lile. Dada hakushtuka hata kidogo. Alikuwa anamwangalia yeye usoni.

"Kitinda. Tutafika Jumatatu?"

"Tutafika, dada."

"Haya," akasema, akafumba macho. "Wewe ndiye mwenye mashine."

Binti alimsindikiza mjomba wake mpaka mlangoni, akamuuliza kwa sauti ya chini kama kuna chochote. Akamjibu kwamba asubiri kipimo. Akashuka ngazi amekishika kichupa wima kwa vidole viwili, hatua kwa hatua, asikitikise, na watu waliokuwa wanapanda walijibana ukutani kumpisha.

Halafu ikaja ile nusu saa. Damu haigandi kwa amri. Unaiweka kwenye kibao, unaisubiri ijifunge yenyewe, na ukiiharakisha unaiharibu. Alikaa kwenye kiti mbele ya kichupa kama mtu anayelinda mtoto mwenye homa. Hakugusa kazi nyingine. Msaidizi wake, msichana mmoja mpole wa miaka mitatu kazini, alimuuliza kama ampigie daktari simu amwambie sampuli imefika, naye akatikisa kichwa. Apige aseme nini? Hana namba. Alikuwa na namba ya saa tano, na namba hiyo iko ndani ya pipa, vipandevipande, chini ya glavu.

Alipoizungusha, maji ya juu yalitoka manjano safi, bila wekundu hata chembe. Akaingiza kwenye mashine. Safari hii hakusubiri karatasi. Alisoma kwenye kioo tarakimu zilipokuwa zinajitokeza. Nane nukta moja.

Alidaka simu. Ya wodini ikalia, ikalia, ikalia, hakuna wa kuipokea. Ikalia tena. Na hapo akajua kwa nini hakuna wa kuipokea, maana wodi ambayo wauguzi wote wameiacha simu ilie ni wodi ambayo wote wako kwenye kitanda kimoja. Alitoka mbio. Mtu mzima yule, koti jeupe linapepea, alipanda ngazi mbilimbili, akajikwaa, akajigonga goti, akaendelea.

Pazia la kitanda cha tisa lilikuwa limevutwa. Alimsikia Sista akihesabu kwa sauti, akikandamiza kifua, na sauti ya daktari ikiomba dawa ya kulinda moyo, halafu ikiomba nyingine. Akapaza sauti kutoka nje ya pazia, "Nane nukta moja." Waliendelea kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida, kwa kumheshimu, na yeye alisimama pale akihesabu pamoja na Sista bila sauti. Kisha Sista akaacha kuhesabu.

Daktari alitoka, amelowa jasho, nywele zimemwangukia. Alimshika kiwiko akampeleka kwenye korido, mbali na mlango, akasema pole. Akasema moyo ulisimama ghafla, katikati ya sentensi, alikuwa anaomba maji. Halafu akauliza, bila ukali, kwa ile sauti yake ya taratibu.

"Ya asubuhi ilikuwa ngapi?"

Angeweza kukataa. Karatasi haipo, mashine yenyewe hubaki na majibu ya siku mbili tu, na Jumatatu hakuna atakayekumbuka.

"Saba nukta tatu."

Daktari aliegemea ukuta. Akausoma ubao mzima wa matangazo uliokuwa mbele yao. Mwisho alisema kwamba saa tano, saa sita, hata saa saba, dawa zilikuwepo kwenye kabati, na kwamba dawa hizo huwa zinampa mtu siku mbili tatu. Hakusema zaidi. Siku mbili tatu ndizo zilizokuwa zinatakiwa, na wote wawili walijua kuhesabu. Akamwambia atalazimika kuandika ripoti, lakini si leo, na kwamba kwa familia aseme lile atakaloona linafaa. Akaenda zake kunawa.

Bwana Rudia akarudi ndani. Walikuwa wamemnyoosha dada yake na kumfunika mpaka kidevuni. Binti alikuwa amekaa kwenye kiti, kichwa amekilaza kando ya mkono wa mama yake, ule wenye madoa ya buluu. Alipomwona mjomba aliinuka, akamrukia shingoni, akalia kilio ambacho kilikuwa kimekwama muda wote ule. Akamshika. Alikuwa na umbo la mama yake, mabega yaleyale membamba.

Alipopata pumzi, maneno yakaanza kumtoka bila mpangilio. Kwamba ni yeye. Kwamba Sista alikuja na sindano tangu saa sita, akachoma mara tatu, na yeye ndiye aliyemzuia asichome ya nne. Mama alikuwa analia, alishindwa kuvumilia. Angemwacha Sista achome, damu ingefika chini mapema, mjomba angeona, daktari angekuja.

"Nilimwambia Sista amwache apumzike," akasema. "Nikasema mjomba yuko kwenye mashine, kungekuwa na jambo angepanda mwenyewe. Mimi ndiye niliyemuua mama, Mjomba."

Angeweza kumfariji tu. Angempapasa mgongo, aseme usijilaumu mwanangu, ni mapenzi ya Mungu, na maneno hayo wala yasingekuwa matusi. Ndiyo yanayosemwa kila kifo. Binti angeyapokea na asingeyaamini. Angekaa na sindano ile ya nne miaka yote ya maisha yake. Angeichoma na kuizuia, kuichoma na kuizuia, kila akilala. Bwana Rudia alijua hasa kunavyokuwa, kuishi na mtu aliyekufa mkononi mwako.

"Si wewe," akasema. "Damu ya kwanza ilitosha. Niliipima saa tano na robo. Namba niliiona, na ilikuwa inaua, na sikumwambia mtu."

Binti alijitoa shingoni mwake. Alimwangalia kama mtu anayesubiri sentensi iendelee, maana lazima kuna sababu, mjomba wake hakosi sababu. Hakuendelea. Sababu alikuwa nazo nyingi, dereva wa lori, kanuni, wekundu wa maji, foleni ya Jumanne, na kila aliyoishika ilikuwa imeoza.

"Ulijua saa tano," akasema binti.

"Nilijua."

"Ulipokuja saa nane, ukamwambia mtafika."

"Ndiyo."

Binti akarudi kwenye kiti chake. Akakivuta karibu na kitanda, akaupitisha mkono wake chini ya shuka mpaka ukaupata wa mama yake, akaushika. Hakulia tena. Baada ya muda alisema, bila kugeuka, kwamba anaomba abaki na mama yake peke yake.

Mjomba akatoka. Kwenye korido Sista alimsogezea benchi kwa mguu bila kumwangalia usoni, naye akakaa, na akaendelea kukaa pale hata wahudumu walipokuja na kitanda cha magurudumu na kuomba apishe mlango.